Mtambo Usio na Mjomba

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na nchi, na nchi yenyewe bado ipo, nami naishi humo. Jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya semina. Nawaomba wasomaji wa nchi nyingine msijitafute humu. Kwenu mambo haya hayapo.

Sisi ni watu wenye adabu. Adabu yetu iliyo kubwa kuliko zote ni hii: ukipewa kitu, unakataa mara mbili, ya tatu ndipo unapokea. Mgeni akikaribishwa chakula atasema hapana, nimeshiba, hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Atakaribishwa tena, atasema hapana, asante, nimetoka kula sasa hivi. Akikaribishwa mara ya tatu, ananawa mikono. Mwenyeji asiyekaribisha mara tatu ni mchoyo, na mgeni anayepokea mara ya kwanza hana kwao. Bibi harusi hukataa mara mbili mbele ya watu wote na hakuna anayeshtuka, isipokuwa bwana harusi akiwa mgeni wa nchi. Hata Mheshimiwa Rais wetu aliukataa urais mara mbili alasiri moja, akaupokea mara ya tatu kabla jua halijazama. Sasa ni miaka ishirini na sita, na tangu siku ile hajaulizwa tena.

Mimi nina duka la steshenari katika mji mdogo wa Mbuga Nyeupe. Nina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na mashine ya kulaminisha ambayo hulaminisha ikijisikia. Watu huniita Fundi Chapa. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini nimewaandikia barua za kazi watu ambao leo hawapokei simu zangu.

Zamani kijana akitaka chuo aliandika barua chuoni, na chuo kikamjibu au kikanyamaza. Serikali ikaona utaratibu huo una upendeleo, maana mwenye mjomba chuoni alijibiwa haraka. Ndipo likaundwa Baraza Kuu la Ugawaji wa Nafasi za Masomo, na Baraza likanunua mtambo kutoka ng'ambo, ili maombi yote ya nchi nzima yapite mlango mmoja. Mtambo ulizinduliwa uwanjani, juani. Mwenyekiti wa Baraza, Profesa Eliakimu Tundwe, alihutubia kwa saa mbili na robo akiwa amefunikwa mwavuli na mtu ambaye mwenyewe hakufunikwa. Mimi nilisikiliza redioni.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mtambo huu hauna shangazi wala mjomba! Hauna kabila, hauna kijiji, haujui chai wala soda! Mtambo huu unaona alama tu! Mtoto wa mchunga ng'ombe na mtoto wa waziri, mbele ya mtambo huu, wote ni namba!"

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, peke yangu dukani, mpaka nikamwaga chai yangu. Nasema hivi ili msije mkanidhania kuwa mpinzani.

*

Leokadia alikuwa mtoto wa Mzee Kasiani, mchunga ng'ombe wa watu, kwa hiyo hotuba ile ilimtaja yeye kabisa. Nilimjua tangu alipokuwa akija kununua madaftari akiwa ananukia zizi. Akiwa na miaka kumi na miwili alimtoa mwanambuzi aliyekwama tumboni mwa mama yake, wanaume wanne wakiwa wamesimama wanabishana nani mwenye mkono mdogo. Alipomaliza kidato cha sita, mji mzima ulikuwa ukimwita yeye kabla ya kumwita daktari wa mifugo wa serikali, ambaye aliishi mwendo wa saa nne na alifika mara mbili kwa mwaka kuhesabu ngozi.

Kisha wakafa ng'ombe tisa kwa wiki moja. Hawakuvimba, hawakuharisha, walilala tu. Leokadia alimpasua mmoja kwa kisu cha jikoni, akalitazama ini, akalitazama tena, asielewe alichokiona. Alikuja dukani akiwa na damu iliyokauka kwenye kiwiko.

"Fundi," aliniambia, "mkono ninao. Kutoa ndama najua, kufunga mfupa najua. Lakini wale tisa nimewatazama wakifa nimesimama tu. Nataka nisome nijue kilichokuwa mle ndani."

Hilo ndilo alilolitaka, udaktari wa mifugo, na hakuwa na lingine. Alama alikuwa nazo. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba mkuu wa shule alizibandika mlangoni mwa ofisi yake, akaandika chini yake jina lake yeye mkuu.

Tukakaa kwenye kompyuta kuomba. Mtambo ulitaka machaguo matano. Leokadia akaandika udaktari wa mifugo mara tano. Mtambo ukajibu: "Machaguo yasifanane." Basi yale manne tukayajaza tu ili mtambo unyamaze. Tuliandika Ubaharia, ingawa nchi yetu haina bahari, tukaandika na Usimamizi wa Mikutano, ambao ndio kozi yenye wahitimu wengi serikalini.

Ukataka barua ya mtendaji wa kata kuthibitisha kuwa mwombaji yu hai, na barua isizidi siku kumi na nne, kwa kuwa uhai, maelezo yalisema, huisha muda wake. Ukataka picha ambayo masikio yote mawili yanaonekana. Hapo tulikwama siku tatu. Sikio la kushoto la Leokadia lilikuwa limeng'atwa na punda aliyekuwa akimtibu kwato, na kipande cha juu hakikuwapo. Mtambo ukaandika kwa herufi nyekundu: "Sikio halijakamilika. Ambatisha." Mzee Kasiani aliniuliza tuambatishe nini. Tulikwenda kwa wakili, Leokadia akala kiapo kuwa sikio ni lake na kwamba kipande kilichong'atwa hakimo mikononi mwake wala mwa ndugu zake. Mtambo ukaridhika.

*

Siku ya majibu duka lilijaa. Mama yake Leokadia, Mama Pudensiana, alivaa kitenge cha Pasaka. Leokadia akaingiza namba yake, mtambo ukafikiri kidogo, halafu maandishi yakatokea. Nayakumbuka mpaka leo.

"HONGERA. Umechaguliwa kusoma Udaktari wa Mifugo. Je, unaipokea nafasi hii?"

Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Ndiyo, cha kijani. Hapana, chekundu.

Mama Pudensiana alipiga kigelegele, fotokopi ikasimama yenyewe. Mzee Kasiani akavua kofia. Leokadia akapeleka mkono kwenye kijani, na mama yake akaudaka.

"We Leokadia! Una njaa gani hiyo?"

"Mama, wameniuliza kama nataka."

"Wamekuuliza mara moja. Utasemaje ndiyo mara ya kwanza, kama mtu aliyelelewa stendi? Watasema hawa wazazi wake ni watu gani?"

"Mama, hii ni kompyuta."

"Kompyuta ya nani? Si ya serikali? Na serikali si watu?"

Mzee Kasiani akanigeukia mimi. "Fundi, mwenye kuijua mashine ni wewe. Unasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, na lingeokoa kila kitu. Lakini mtu mwenye kompyuta mbili katika mji usio na ya tatu hasemi sijui. Nilikuwa nimeambiwa kuwa mtambo hauna mjomba. Hakuna aliyeniambia kuwa hauna na mama wa kuufunza. Nikasema, kwa sauti ya kitaalamu, "Mtambo wa serikali hauwezi kukosa adabu. Utauliza tena."

Na kwa kuwa mkono wa Leokadia ulikuwa bado umeshikwa na mama yake, nikabonyeza mwenyewe. Chekundu.

Skrini ikaandika: "Asante. Nafasi imeachwa wazi."

"Umesema asante," alisema Mama Pudensiana, na uso wake ukang'aa. "Mnaona? Umefunzwa."

Tukanunua soda, tukakaa kungoja mtambo utukaribishe mara ya pili. Tulikaa mpaka alasiri. Kesho yake Mzee Kasiani alifika kabla sijafungua mlango. "Umeuliza?" "Bado, mzee." Alikuja kila asubuhi kwa siku kumi na moja, kofia mkononi, na siku ya kumi na mbili hakuja.

*

Sikuwa mjinga peke yangu, kama hiyo ni faraja. Vijana waliochaguliwa nchi nzima walikuwa elfu thelathini na nne, na elfu thelathini na moja kati yao walibonyeza chekundu. Taifa zima lilikaa mbele ya skrini na nguo zake za sikukuu, likingoja kubembelezwa.

Waliobonyeza kijani walikuwa elfu tatu, wengi wao wakiwa watoto wa Mtaa wa Vilima, wanakoishi wakubwa wetu. Watoto wale wamelelewa na televisheni na wasichana wa kazi, na msichana wa kazi gani atathubutu kumwambia mtoto wa bosi kwamba asipokee? Siwezi kusema waliambiwa mapema. Mimi ni mtu wa steshenari. Nasema tu kwamba katika mtaa ule wote hakuna kidole hata kimoja kilichopotea njia.

Profesa Tundwe aliwaita waandishi wa habari, akafuta machozi kwa leso iliyopigwa pasi.

"Leo nimeliona taifa langu," alisema. "Vijana elfu thelathini na moja wamejinyima nafasi zao kwa ajili ya wenzao! Nitajieni nchi nyingine duniani yenye vijana wa namna hii!"

Mwandishi mmoja, ambaye sasa anaandika habari za hali ya hewa, akauliza kama si mila yetu kukataa mara mbili.

"Mila ni ya mezani, ndugu yangu," akajibu Profesa. "Mtambo hauli."

Nafasi zilizoachwa zilijazwa siku ileile, alasiri, katika zoezi lililoitwa Awamu ya Huruma, kwa sababu waliohurumiwa walikuwa na alama za kuhurumiwa. Nafasi ya Leokadia ilikwenda kwa Priska, binti wa dada yake Profesa Tundwe. Simfahamu kwa ubaya huyo binti. Nilisikia tu kwamba anaogopa kuku. Mtambo hauna mjomba, na Profesa hakusema uongo hata kidogo. Mwenye mjomba ni Priska.

Leokadia naye hakusahauliwa. Aliletewa Cheti cha Ukarimu wa Taifa, chenye sahihi ya Mwenyekiti na picha ya mikono miwili inayotoa kitu. Mama yake alikiweka chini ya godoro, upande wa miguuni.

*

Tulikwenda makao makuu kukata rufaa, mimi na Leokadia, safari ya siku nzima. Sikuweza kumwacha aende peke yake, kidole kilikuwa changu. Tulipangwa foleni ya kupata namba, halafu foleni ya kugongewa mhuri ile namba, na siku ya pili tukafika dirisha la tisa. Afisa rufaa alikuwa bwana mmoja mnene, mpole, jina lake Zakayo, na mbele yake palikuwa na sahani ya mihogo ya kukaanga.

Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, kichwa kimeinama upande.

"Nani alibonyeza?" akauliza.

"Mimi," nikasema, kwa kuwa nilikuja kusema kweli.

"Kwa hiyo aliyeikataa nafasi ni wewe."

"Nafasi ilikuwa ya huyu binti."

"Huyu binti alibonyeza?"

"Hapana, lakini..."

"Basi huyu hana cha kukatia rufaa. Asiyebonyeza hajakataa, na asiyekataa hajapoteza. Mwenye rufaa ni wewe." Akachukua kalamu. "Biolojia ulipata ngapi?"

"Bwana Zakayo, mimi niliishia darasa la saba."

Akaandika polepole, akisoma kwa sauti: "Rufaa imekataliwa. Mwombaji hana alama za kutosha kusomea udaktari wa mifugo." Akagonga mhuri. "Pole sana, mzee. Mwakani jitahidi."

Kisha akasogeza sahani. "Karibuni mihogo."

"Asante, tumeshiba," tukasema.

"Jamani karibuni."

"Asante, tumetoka kula."

"Karibuni, bwana, msinifanye nile peke yangu kama mchawi!"

Tukala. Naona haya kulisema, lakini tulikula, na mihogo ilikuwa na pilipili na ndimu, mizuri. Bwana Zakayo alikuwa amelelewa vizuri kwao. Alijua kwamba mtu hukaribishwa mara tatu, alilijua bila kufikiri, kwa kipande cha muhogo. Kwa miaka yote ya chuo ya binti wa watu hakulijua. Leokadia alitafuna kipande kimoja huku machozi yanamtiririka, na Bwana Zakayo akamsogezea chumvi.

*

Mwaka uliofuata mama za nchi yetu walibadilika. Ungewasikia uani wakiwafundisha watoto: "Ukiulizwa, sema ndiyo! Mara ya kwanza! Kabla hajafunga mdomo!" Nilikwenda kwenye harusi moja, mtoto wa miaka mitano akaninyang'anya sambusa mkononi, na bibi yake akampigia makofi.

Leokadia aliomba tena. Tukachukua tena barua ya kuwa hai. Tukala tena kiapo cha sikio, kwa kuwa Baraza lilitaka kujua kama halijaota. Akachaguliwa tena, udaktari wa mifugo, chaguo la kwanza, alama zilezile. Swali likatokea. Safari hii mama yake alikuwa amesimama nyuma yake akimhimiza, na Leokadia alibonyeza kijani kwa kidole chake mwenyewe kabla sijamaliza kusoma.

Skrini ikaandika: "Mwombaji ameonyesha uroho. Nafasi imefutwa kwa kulinda maadili ya taifa."

Kumbe Baraza lilikuwa limesikia kilio cha wananchi. Baada ya tafakuri nzito na safari mbili za mafunzo ng'ambo, mtambo ulikuwa umerekebishwa uheshimu mila: sasa unauliza mara tatu, na anayepokea mara ya kwanza anafutwa. Tangazo lilitolewa mapema, hakuna anayeweza kusema halikutolewa. Lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa Baraza, ghorofa ya pili, ndani ya geti ambalo huingii bila kitambulisho cha Baraza. Na kule Mtaa wa Vilima, naambiwa, watoto walibonyeza nyekundu, nyekundu, kijani, huku wanatazama katuni.

Niliitazama ile skrini. Nikatoka nje, nikatema mate barabarani, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, mbele ya mama wa watu. Mama Pudensiana hakunikaripia.

"Tema tena, baba," alisema. "Tema na ya kwangu."

*

Profesa Tundwe ana shamba nusu saa kutoka Mbuga Nyeupe. Ardhi hiyo alipewa na kijiji, baada ya kuikataa mara mbili. Ijumaa moja mchana, miezi saba baada ya uroho wa Leokadia, gari la Baraza lilisimama mbele ya duka langu, na dereva akauliza kwa haraka yuko wapi yule binti wa ng'ombe. Nikampeleka kwao. Leokadia alichukua sabuni, mafuta na kamba, akapanda gari, nami nikapanda kwa sababu hakuna aliyenizuia.

Ng'ombe alikuwa wa kizungu, mweusi na mweupe, mkubwa kama kibanda. Alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na vibarua wa shamba walikuwa wakimvuta ndama kwa kamba. Profesa alisimama pembeni na viatu vyake vya ofisini, katibu wake nyuma yake na faili kwapani. Priska naye alikuwapo, likizo ya mwaka wa pili, koti jeupe la chuo halina hata doa. Alikuwa amejaribu mara moja, akazimia, akamwagiwa maji, na sasa alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari la mafunzo kwa vitendo mapajani.

Leokadia hakumsalimia mtu zaidi ya "shikamoo" moja ya jumla. Alinawa mpaka begani, akapaka mafuta, akaingiza mkono. Akafumba macho.

"Mguu mmoja wa mbele umekunjika nyuma," alisema. "Mnavyomvuta mnamkwamisha zaidi. Acheni hiyo kamba."

Watu wakaiacha kamba. Alingoja uchungu upungue, akamsukuma ndama arudi ndani, na hapo Profesa akashtuka, akafikiri anaibiwa. Akautafuta mguu, akaifunika kwato kwa kiganja isimchane mama, akaunyoosha. Ilichukua muda mrefu. Jasho lilimwingia machoni na hakuna aliyefikiria kumpangusa, basi nikampangusa mimi kwa shati langu. Kisha akasema "sasa," na ndama akatoka, akaanguka kwenye majani akiwa kimya. Leokadia akamtoa ute puani, akamsugua kifua kwa majani makavu, akampiga kofi. Ndama akapiga chafya.

Profesa alipiga makofi, macho yake yana machozi ya kweli safari hii. "Binti, mikono gani hii!" alisema. "Mtu mwenye kipaji kama hiki! Kwa nini hukuomba chuo?"

"Niliomba, mheshimiwa. Mara mbili."

"Mara mbili! Pole sana. Basi ule mtambo una mambo yake." Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia mvua. Hakuna kilichotikisika usoni mwake. Nilimtazama nikitafuta hata aibu ndogo, ya ukubwa wa kiroboto, nisiione. "Lakini Mungu hamtupi mja wake. Sikiliza, mwanangu. Priska yuko mwaka wa pili na mambo ya vitendo yanamsumbua. Nitaagiza uingie naye chuoni. Utavaa koti, utaingia maabara, utalala hosteli. Kushika utashika wewe, kuandika ataandika yeye. Mitihani ni yake, maana namba ni yake. Nakupa nafasi ndani ya chuo. Karibu."

Nitasema kweli, hata kama inaninukia mwenyewe: nilitaka akubali. Niliiwaza ile maabara, na vitabu, na mtu wa kumweleza ni nini kilichowaua wale tisa. Cheti kitakuwa cha mwingine, sawa, lakini kujua angejua. Moyoni nilikuwa nimeshampakilia nguo.

"Hapana," alisema Leokadia.

Profesa akatabasamu. Ni mtu aliyelelewa. "Karibu, mwanangu, usione haya."

"Hapana."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwashiria katibu afungue faili na atoe kalamu. Priska naye akainuka kwenye ndoo. "Basi nasema mara ya tatu," alisema Profesa. "Karibu."

"Hapana," alisema Leokadia, akaanza kunawa mkono.

Nimeishi nchi hii maisha yangu yote na sikuwahi kuisikia hapana ya tatu. Hatuna neno la kuijibu. Katibu alibaki kalamu ikiwa hewani, na Profesa alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Andika," alisema mwishowe, kwa sauti ya kikao. "Andika kwamba Baraza lilimpa nafasi ana kwa ana, akaikataa mara tatu mbele ya shahidi."

Shahidi nilikuwa mimi. Faili likaletwa mbele yangu, na kalamu. Nikatia mikono mifukoni. Katibu akangoja kidogo, kisha akaandika jina langu yeye mwenyewe, akakosea herufi, akagonga mhuri.

Leokadia alikausha mkono kwenye sketi yake, akakusanya kamba na sabuni. Alipofika kwa Priska alisimama.

"Huyu mama apewe maji ya vuguvugu," alimwambia. "Ndama anyonye kabla saa moja haijapita. Na kondo la nyuma lisipotoka mpaka kesho asubuhi, msilivute. Mkilivuta atakufa."

Priska aliyaandika yote, neno kwa neno, kwenye daftari lake la mafunzo kwa vitendo. Nasikia alipata alama tisini na mbili.